Kitanda Kimoja, Mashuka Mangapi?

Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilitangaza wagonjwa wake watatu wa kwanza wa mpox. Wiki tatu hazijatimia, tarehe 14 Agosti, Shirika la Afya Duniani likautangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya kimataifa. Mwaka ulipokwisha, Burundi ilikuwa ya pili Afrika, nyuma ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa idadi ya wagonjwa waliothibitishwa na maabara, na kitovu chake kilikuwa jiji la Bujumbura. Hospitali zilizozoea malaria na kuhara zikajikuta zinalaza watu wenye vipele vya usaha, wakiwemo watoto wengi. Kipele cha mpox kikikauka huacha gamba, na gamba huangukia kwenye shuka. Virusi vilivyomo ni vya ukoo mmoja na ndui, na vikikauka ndani ya gamba huweza kubaki na nguvu ya kuambukiza kwa siku nyingi, hasa mahali pasipofikiwa na jua.

Kuna kisa kimoja cha Uingereza ambacho kila msimamizi wa usafi hospitalini angepaswa kukijua. Mwaka 2018 msafiri aliyetoka Nigeria alilazwa Blackpool akiwa na mpox, na ugonjwa haukutambuliwa mara moja. Katika kipindi hicho mhudumu mmoja wa afya alimbadilishia matandiko, akiwa amevaa aproni na glavu za kawaida. Zaidi ya wiki mbili baadaye naye akaugua. Wachunguzi walipofuatilia alivyomhudumia mgonjwa yule, njia iliyoonekana kuwa na uzito zaidi ilikuwa yale matandiko.

Mtu akisikia habari hii husema haraka: basi tufue vizuri zaidi. Lakini mhudumu yule aliambukizwa kabla shuka halijafika kwa dobi, na hakuna sabuni ambayo ingemsaidia. Ndiyo maana nasema kwamba usalama wa nguo za hospitali huamuliwa zaidi na njia zinayopita, na idadi ya nguo zilizopo, kuliko beseni zinamofuliwa. Hospitali yenye shuka moja tu kwa kila kitanda haiwezi kuwa salama, hata ikinunua javeli, ile dawa ya maji ya klorini, ya kujaza bwawa.

Tuanze kitandani. Mgonjwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, shuka lina jasho, madoa ya damu, pengine choo. Anayelitoa anakunja pembe nne kuelekea katikati, upande uliochafuka ukibaki ndani, kisha analiviringisha polepole. Halikung'uti, maana kulikung'uta ni kurusha hewani kila kilichokauka juu yake. Halikumbatii kifuani. Halitupi sakafuni likisubiri wenzake. Mfuko au ndoo yenye kifuniko huletwa hapo hapo kitandani, ili shuka lisitembezwe wodi nzima likiwa mikononi. Choo kigumu hukwanguliwa kwanza kwa kitu bapa na kutupwa chooni, kwa sababu kikiviringishwa ndani ya shuka kitachafua maji yote ya kufulia na kila kitakachoingia humo. Kuhesabu na kuchambua hakufanyiki wodini. Anayetaka hesabu ahesabu mashuka yakiwa yamerudi safi.

Kabla ya kukunja, mtu hupitisha macho juu ya shuka lote kutafuta chuma, na hapo ndipo haraka huleta hasara kubwa. Sindano, wembe wa kukatia kitovu, sindano ya mshipani iliyochomoka usiku: vyote hivi hujificha ndani ya mikunjo. Nesi akichomwa na sindano, angalau anajua ni ya mgonjwa gani. Mfuaji hajui. Anatoa mkono ndani ya maji ukiwa unatoka damu, mbele yake kuna mashuka arobaini ya wodi tatu, na hakuna faili la kufungua. Dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na yeye ndiye mtu ambaye pengine hajaambiwa kwamba zipo. Chanjo ya homa ya ini ya aina B nayo ni ya wafuaji sawasawa na ilivyo ya manesi. Glavu nene za mpira, aproni isiyopitisha maji na viatu vya gamboti ndivyo vifaa vyao vya kazi. Glavu nyembamba za kuchunguzia wagonjwa hupasuka kabla ya shuka la kumi.

Swali gumu zaidi ni nani hasa anayetandua. Katika hospitali nyingi za umma za ukanda wetu, Bujumbura ikiwemo, mgonjwa halazwi peke yake. Anakuja na mtu wake, ambaye kwa Kirundi huitwa umurwaza: dada, mama mkwe, kijana wa jirani. Ndiye anayepika, anayenunua dawa zikikosekana, anayemwogesha mgonjwa, na mara nyingi ndiye anayetandika na kutandua. Shuka la hospitali likikosekana, huleta la nyumbani au kitenge. Analifua bombani uani, analianika juu ya ua wa michongoma, na jioni linarudi kitandani. Miongozo mingi ya kimataifa imeandikwa kama vile mtu huyu hayupo. Inamwelekeza nesi, inamwelekeza mfuaji, kisha inanyamaza. Kwa maoni yangu, bango moja la picha bombani, lenye maneno machache ya Kirundi na Kiswahili yanayosema usikung'ute, kunja kwa ndani, tumia beseni hili na si lile la vyombo, lina faida kuliko semina ya siku mbili kwa watu ambao hawagusi mashuka.

Kitenge cha nyumbani kina tatizo jingine: hakibaki hospitalini. Mgonjwa akiruhusiwa, kinafungwa kwenye furushi na kwenda mitaa ya Kinama au Buterere kikiwa na kila kilichokiangukia. Kwenye mpox hilo ni hatari ya wazi. Kwenye kipindupindu, ambacho Burundi ilikitangaza tena tarehe 1 Januari 2023 kikianzia Bujumbura, ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu furushi hilo likifuliwa mtoni, wengine wanachota maji hapo chini. Vituo vya kipindupindu vimelitatua tatizo la shuka kwa kuliondoa kabisa. Mgonjwa hulala juu ya kitanda cha plastiki chenye tundu na ndoo chini yake, na kila kitu hunyunyiziwa dawa na kufutwa. Si heshima sana kwa mgonjwa, lakini ni akili. Si kila godoro linahitaji pamba. Godoro lenye ngozi ya plastiki isiyochanika, linalofutwa kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, hupunguza mzigo wa shuka lililo juu yake.

Sasa twende kwa dobi, au buanderie kama wanavyosema Bujumbura kwa Kifaransa. Watu wengi wanadhani kinachoua vijidudu ni dawa. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na maji mengi, sabuni na kusuguliwa: uchafu unang'olewa kwenye uzi, unaelea, unamwagwa. Joto linakuja kumalizia. Waingereza huzitaka hospitali zao zifikishe nguo nyuzi 71 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 3, au nyuzi 65 kwa dakika 10, wakiongeza muda wa maji na nguo kuchanganyika. Wamarekani husema nyuzi 71 kwa dakika 25. Shirika la Afya Duniani hutaja nyuzi 60 hadi 90 pamoja na sabuni. Tofauti hizo zisikusumbue. Ukiwa na mashine inayofika nyuzi 70 na kukaa hapo, uko salama kwa karibu kila kitu kinachotoka wodini.

Shida ni hiyo “ukiwa na”. Mashine ya kupasha maji hunywa umeme, umeme wa Bujumbura hukatika, na jenereta inataka mafuta ambayo miaka ya karibuni yamewafanya watu walale na magari yao kwenye foleni za vituo. Maji ya Regideso, shirika la maji na umeme, nayo yana siku zake. Hospitali ikiwa na mashine mbili nzuri zilizosimama kwa kukosa kipuri ambacho lazima kinunuliwe kwa dola, kinachofanya kazi ni mapipa na kuni. Na hapo hapana haja ya kuona aibu. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa mita mia saba na sabini na kitu, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 97 hivi. Hilo linapita kwa mbali zile nyuzi 71 za Waingereza. Pipa linalochemka, fimbo ndefu ya kukorogea na mtu aliyesimama mbali na mvuke ni mtambo unaoaminika. Unachoshindwa ni wingi: kuni ni ghali, na pipa moja halipiti mashuka kumi kwa mara moja.

Pasipo na joto ndipo klorini huingia, na ndipo hutumiwa vibaya. Nimeona mara nyingi, katika zaidi ya nchi moja, shuka lenye damu likizamishwa moja kwa moja kwenye ndoo ya javeli, na aliyefanya hivyo akiamini amemaliza kazi. Klorini haichagui. Ikikutana na damu, usaha au choo, huishambulia hiyo kwanza na kuisha nguvu kabla haijafika kwenye vijidudu. Doa la damu hugandia humo na kuwa la kahawia milele. Uzi wa pamba huungua kidogo kidogo, na baada ya miezi michache shuka linachanika mkononi. Likiwa limelowa mkojo, mchanganyiko huo hutoa mvuke unaowasha macho na kifua, ambao wafuaji wengi wanaujua vizuri bila kuambiwa sababu yake ni nini.

Utaratibu unaopendekezwa kwa kufua kwa mkono umegeuza mambo: sabuni kwanza. Shuka huloweshwa kwenye maji ya moto na sabuni ndani ya pipa na kukorogwa kwa fimbo bila kurusha matone. Maji hayo humwagwa. Ndipo shuka huingia kwenye klorini ya asilimia 0.05 kwa muda wa nusu saa, husuuzwa kwa maji safi na kuanikwa juani. Asilimia 0.05 ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Javeli yenye klorini asilimia 5 hupimwa kipimo kimoja kwa vipimo 99 vya maji. Unga wa HTH wa asilimia 70 hupimwa gramu 7 kwa lita 10. Unga huo una sifa moja inayofaa jiji la joto: haupotezi nguvu haraka kama javeli ya chupa, ambayo ikikaa dukani miezi kadhaa katika joto la nyuzi thelathini, lebo yake huwa inasema habari za zamani. Anayenunua javeli kwa bei ya chini sokoni anaweza kuwa ananunua maji yenye harufu.

Na chandarua? Kila kitanda cha Bujumbura kinastahili kuwa nacho, na mara nyingi husahaulika katika hesabu hii yote. Hakiingii kwenye javeli wala hakichemshwi, maana dawa iliyomo ndani ya nyuzi zake ingeharibika. Hufuliwa kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini. Kinachotoka kwa mgonjwa wa mpox ni jambo lingine. Hicho ni afadhali kitupwe kama taka za hospitali na mwingine apewe kipya.

Mashuka yamefuliwa. Hapa hospitali nyingi hudhani hatari imekwisha, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo.

Kati ya mwaka 2008 na 2009, katika hospitali ya watoto ya New Orleans, Marekani, watoto watano waliokuwa wamelazwa kwa magonjwa mengine walishambuliwa na ukungu wa aina ya Rhizopus ulioanza kula ngozi na nyama. Wote watano walifariki. Uchunguzi ulionyesha mashuka: mashuka safi, yaliyofuliwa na kampuni ya nje, yaliyopelekwa na kuhifadhiwa mahali ambapo ukungu uliyapata. Mwaka 2015 hospitali ya Queen Mary ya Hong Kong ilikumbwa na ukungu wa ukoo huo huo, na njia ikarudi tena hadi kwenye dobi na nguo zilizopakiwa zikiwa na joto na unyevu. Hizi ni hospitali zenye fedha, zenye mashine zinazofika nyuzi zote zinazotakiwa. Kilichoziponyoka ni mambo yanayofuata baada ya mashine: kukausha, kufunga, kubeba, kuweka kwenye rafu.

Mtu mwenye afya akilalia shuka lenye ukungu huo hapati kitu. Mtoto njiti, mgonjwa wa saratani, mwenye kisukari kisichodhibitiwa au mwenye ngozi iliyoungua anaweza kufa. Na wagonjwa hao wako wodini Bujumbura, katika hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge ambayo watu wa jiji bado wanaiita Roi Khaled, katika Prince Régent Charles, na katika kliniki za watu binafsi.

Unyevu huo una mdau mwingine wa kwetu. Kuna nzi, Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevunyevu zilizoanikwa kivulini au kutandazwa juu ya majani. Mayai huanguliwa, na funza hupenya ngozi ya atakayeivaa nguo, wakitokea kama jipu lenye tundu. Mababu walikuwa na dawa yake nayo ni pasi ya makaa ya moto, ikipita hadi kwenye pindo na mishono. Wakati mwingine mtu hujiuliza kwa nini hospitali ipige pasi mashuka ambayo mgonjwa atayakunjakunja ndani ya saa moja. Sababu mojawapo ndiyo hiyo, na nyingine ni kwamba pasi hukausha kile jua lilichokiacha.

Kwa hiyo kukauka ndiyo mlango mwembamba wa mfumo mzima, na kukauka Bujumbura kunategemea kalenda. Kuanzia Juni hadi Agosti, shuka lililoanikwa asubuhi hukunjwa mchana. Mvua zikianza mwezi wa tisa au wa kumi, na kuendelea kwa vipindi hadi Mei, shuka hilo hilo huingizwa ndani na kutolewa nje mara tatu na bado jioni lina ubaridi ukilishika. Hapo ndipo idadi inapogeuka kuwa kinga.

Tufanye hesabu. Wodi ina vitanda 40 na kila kitanda hubadilishiwa shuka kila siku. Shuka likitanduliwa Jumatatu asubuhi, linafuliwa na kukauka Jumanne, linapigwa pasi na kurudi wodini Jumatano. Basi kwa kila kitanda liko moja lililotandikwa, mawili yako njiani, na moja la akiba rafuni kwa ajili ya mgonjwa atakayetapika usiku. Manne kwa kitanda, 160 kwa wodi. Mvua ikiongeza siku moja ya kukauka, yanatakiwa 200. Dobi lisipofanya kazi Jumapili, ongeza mengine. Wataalamu wa ugavi hospitalini hutaja seti tatu hadi tano kwa kitanda. Kwa Bujumbura, pasipo na mashine ya kukaushia, tatu ni hesabu ya kiangazi tu.

Hospitali yenye pungufu hufanya nini? Haisimami. Mashuka hurudishwa kitandani yakiwa na unyevu. Mengine hugeuzwa upande wa pili. Nesi mkuu wa zamu hujaza kabati lake na kulifunga kwa ufunguo, kwa sababu nzuri kabisa, na wodi ya jirani ikakosa. Familia huambiwa zilete yao, tukarudi kwenye kitenge na furushi. Na wakati wa kutandua, kama shuka linahitajika tena jioni, hakuna atakayekuwa na muda wa kulikunja taratibu na kutafuta sindano. Kila kosa tulilolitaja hapo juu, kuanzia kukung'uta hadi kuzamisha damu kwenye javeli ili mambo yaishe haraka, lina upungufu nyuma yake. Ndiyo maana mafunzo peke yake hayabadilishi kitu. Mtu anaweza kujua vizuri kabisa linalotakiwa na akakosa shuka la kulifanyia.

Wodi ya wazazi ndiyo inayobeba mzigo mzito kuliko zote. Tarehe 1 Mei 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba wanawake watajifungua na watoto wa chini ya miaka mitano watatibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Ulikuwa uamuzi mkubwa, na wanawake waliitikia. Lakini kila uzazi humwaga damu na maji ya chupa, huchafua mashuka, vitambaa vya kumfutia na kumfunikia mtoto, na gauni la mkunga. Shirika la Afya Duniani hukadiria lita 100 za maji kwa kila uzazi. Ukifuta ada mlangoni, umeongeza pia kazi ya dobi, na ni nadra kwa bajeti ya dobi kukumbukwa siku ya tangazo.

Ignaz Semmelweis, daktari wa Hungaria, anasifiwa kwa kuwalazimisha madaktari wa Vienna kunawa mikono kwa klorini mwaka 1847. Sehemu ya pili ya habari yake haisimuliwi sana. Katikati ya miaka ya 1850 alikuwa akiongoza wodi ya wazazi huko Pest, mikono ilikuwa ikinawiwa, na bado homa ya uzazi ikapanda. Alilaumu mashuka: yalikuwa yakirudi kutoka kwa mfuaji bado yana damu na uchafu wa wazazi waliotangulia. Mikono safi ilikuwa ikiwalaza wanawake kwenye vitanda vichafu. Alichokuwa anapigania sasa kilikuwa mkataba wa kufua nguo, jambo la wahasibu na watu wa manunuzi. Miaka kama hiyo hiyo, kule Scutari, Uturuki, muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alikodi nyumba, akafunga masufuria makubwa ya kuchemshia na kuwaajiri wake wa askari wafue. Tunamkumbuka na taa. Yale masufuria yalikuwa na kazi kubwa zaidi.

Nguo za chumba cha upasuaji zina sheria zao, nitazipitia haraka. Zikishafuliwa hupita kwenye otoklevu, ambako mvuke wa nyuzi 121 hukaa nazo dakika 30 hivi, au wa nyuzi 134 kwa dakika chache. Utepe unaobadilika rangi nje ya furushi unathibitisha tu kwamba furushi lilipita kwenye joto. Hausemi kama mvuke ulifika katikati. Furushi likitoka limelowa, si safi tena kwa upasuaji, hata kama utepe umekuwa mweusi vizuri, kwa sababu unyevu huvuta vijidudu kupita kwenye kitambaa. Na gauni ambalo halikutumika likirudishwa kwenye otoklevu mara kwa mara bila kufuliwa, pamba yake hukauka mno na kuharibika. Maji yana kazi hata kwa nguo isiyochafuka.

Tukubali kwamba yanatakiwa mashuka mengi. Yatoke wapi? Uwanda wa Imbo, ambao jiji limo ndani yake, umelimwa pamba kwa miongo mingi chini ya kampuni ya pamba ya COGERCO, na Bujumbura ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, COTEBU, kilichosokota na kufuma hadi kilipofunga milango katikati ya miaka ya 2000. Afritextile ilikuja baadaye kukifufua. Sisemi kila shuka lifumwe nyumbani. Nasema hospitali inapoagiza kutoka nje kwa fedha za kigeni ambazo ni adimu, ingefaa kwanza iulize hapa, maana kitambaa cha pamba cha mita kadhaa chenye pindo mbili si teknolojia ya mbali.

Pamba tupu hustahimili kuchemshwa na kumpoza mgonjwa katika joto la ziwani, lakini hukauka polepole. Pamba iliyochanganywa na poliesta hukauka mapema na kudumu zaidi, na katika miezi ya mvua hiyo si faida ndogo. Ningechagua mchanganyiko kwa wodi za kawaida, pamba kwa upasuaji na kwa wodi ya wazazi. Misaada ya mashuka kutoka Ulaya huja kwa nia njema, lakini yakiwa ya vipimo saba tofauti, mfuaji hupoteza asubuhi nzima akiyapanga, na nusu yake hayafiki pembe za godoro. Usafiri nao una masharti yake. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na tuktuk zilipozuiwa katikati ya jiji, kliniki ndogo iliyopeleka nguo kwa dobi wa nje ilihitaji gari. Na gari likipeleka machafu asubuhi na kurudisha safi jioni bila kuoshwa katikati, kazi yote ya dobi imefutwa barabarani.

Kisha kuna upotevu, ambao wasimamizi hupenda kuuita wizi. Baadhi ni wizi. Mengi huondoka kihalali: mgonjwa anapelekwa hospitali nyingine na gari la wagonjwa akiwa amefunikwa, marehemu anaondoka amevingirishwa, na hakuna mtu mwenye adabu atakayemfuata mjane hadi kwenye lango kudai shuka. Mashuka hayo yaandikwe kwenye bajeti kama dawa zinavyoandikwa, pamoja na yale yaliyochakaa. Kila shuka litiwe alama ya wodi yake kwa wino usiofutika na mwaka lilipoingia, ili baada ya miezi kumi na miwili mtu ajue limeishi muda gani. Mkaguzi anayepita kuangalia kama kila kitanda kina shuka ataridhika hata na hospitali isiyo na la pili. Afadhali afungue kabati, ahesabu yaliyo rafuni, ayaguse aone kama yamekauka.

Na tarehe ya kufanya hesabu hiyo ni Aprili au Mei, mvua zikiwa zinaelekea kwisha na pengo likionekana wazi, ili zabuni itangazwe na kitambaa kikatwe na kushonwa wakati wa kiangazi. Oda ikitolewa Septemba, mashuka yatafika mvua ikiwa katikati.